Mama mwenye unene: namna ya kupima ukali wa mazoezi kwenye milima ya Bukavu

Akina mama ninaowafanyisha mazoezi huniuliza kwanza watembee dakika ngapi. Mimi huanza na ukali wa zoezi, yaani jinsi linavyousukuma moyo na pumzi. Nusu saa ya kuzunguka sokoni ukichagua vikwembe na nusu saa ya kupanda Kadutu, mtaa wa milimani hapa Bukavu, moyo hauzioni sawa.

Hatua ya 1. Pimwa shinikizo la damu na sukari. Ukiwa na maumivu ya kifua au kizunguzungu, muone daktari kabla ya kuanza.

Hatua ya 2. Sikiliza pumzi yako. Ukiweza kuimba, zoezi ni jepesi. Ukiongea vizuri lakini wimbo unakushinda, ni la wastani. Ukisema maneno mawili matatu kisha unavuta hewa, ni kali. Jasho lisikudanganye. Na usimfuate jirani mwembamba: wewe unabeba uzito zaidi, kwa hiyo mwendo ulio mwepesi kwake unaweza kuwa mkali kwako. Kama unakunywa dawa za kupunguza mapigo ya moyo, acha kuhesabu mapigo, pumzi inatosha.

Hatua ya 3. Anza pasipo na mlima, dakika 10, kwa ukali wa wastani. Ongeza kidogo kidogo hadi dakika 150 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani linasema 150 hadi 300 za wastani, au 75 hadi 150 za kali, na tangu 2020 halidai tena kila zoezi lidumu angalau dakika 10 mfululizo. Safari ya kwenda kuchota maji inahesabiwa.

Hatua ya 4. Mwili ukizoea, baada ya miezi miwili hivi, tumia mlima. Panda dakika 1 hadi maneno yakatike, kisha tembea polepole dakika 2. Rudia mara 4, siku mbili kwa wiki zisizofuatana. Kazi hii kali huimarisha moyo na mapafu kwa muda mfupi kuliko mwendo wa wastani. Kuhusu mafuta ya mwili, wanaokuahidi miujiza wanakuuzia maneno: nguvu iliyotumika ikiwa sawa, kali na wastani hupunguza karibu sawa. Magoti yakiuma, baki kwenye wastani bila aibu. Kuteremka ndiko kunakoyaumiza zaidi, kwa hiyo ukiwa na pesa kidogo, panda kwa miguu na uteremke kwa moto, yaani pikipiki ya abiria.

Hatua ya 5. Usipitishe siku mbili mfululizo bila zoezi. Misuli iliyofanya kazi hupokea sukari vizuri zaidi kwa siku moja au mbili, kisha faida hiyo inafifia. Hili hutokea hata kama uzito haujashuka.

Hatua ya 6. Mafuta ya ndani ya tumbo yanaweza kupungua huku mzani ukibaki palepale. Kwa hiyo azima futi ya fundi cherehani, upime kiuno mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya kula, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Toa pumzi kawaida. Usivute tumbo ndani.