Picha inajikwaa lakini haigandi: kutafuta ugonjwa wa video kwenye boksi la TV

Mzee mmoja wa Kirumba, Mwanza, aliniletea boksi lake la TV kwenye mfuko. "Fundi, hili limechoka," akasema. "Mpira unajikwaa. Niuzie jingine." Nikamuuzia. Siku ya tatu akarudi na lile jipya, na neno lilikuwa lile lile: mpira unajikwaa.

Ikabidi nimfuate nyumbani, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kupokea hela yake. Sebuleni TV ilikuwa kwenye king'amuzi, taarifa ya habari, na ule mstari wa maandishi unaopita chini ulikuwa unateleza vizuri kabisa. Nikahamia kwenye boksi, nikafungua mechi iliyorekodiwa. Pasi ndefu ikipigwa, mpira unaruka vipande vipande. Skrini ni ile ile. Tofauti ni kwamba king'amuzi kilitoa picha kwa hezi 50, yaani skrini inachorwa mara 50 kwa sekunde, na boksi kwa hezi 60. Boksi lake la kwanza halikuwa na ugonjwa wowote.

Tangu hapo simuuzii mtu kitu kabla hajapita hatua hizi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni kujikwaa, si kuganda

Kuganda unakujua: picha inasimama, kiduara kinazunguka, sauti inakatika. Hapo tafuta intaneti au faili bovu. Kujikwaa ni kingine. Sauti inaenda bila kasoro, watu wanaongea vizuri, ila kamera ikizunguka polepole kutoka kushoto kwenda kulia, mwendo unakuwa kama daladala kwenye rasta.

Kwa hiyo usipimie kwa watu waliokaa mezani wanaongea. Tafuta kipande ambacho kitu kinapita skrini nzima kwa mwendo mmoja: gari, mtumbwi, majina ya mwisho wa filamu. Mimi zamani nilipimia kwa video niliyopiga kwa simu, kivuko cha Kamanga kikiondoka. Nikahangaika nayo wiki nzima. Nitakueleza sababu chini huko.

Kabla ya kupima, zima kwenye TV ule ufundi wa kulainisha mwendo. Kila kampuni huuita jina lake, na ufundi huo unaweza kukudanganya.

Hatua ya 2: Hesabu mpigo

Hii ndiyo hatua yenyewe. Chukua saa, uangalie mshtuko unakuja kila baada ya muda gani. Mshtuko wenye mpigo ni ugonjwa wa hesabu. Mshtuko usio na mpigo ni ugonjwa wa njia: diski, umeme, joto, waifai.

Hesabu ni hii. Faili lina fremu, yaani picha moja moja, kadhaa kwa sekunde. Skrini nayo inachora mara kadhaa kwa sekunde, ndiyo refreshi, inayopimwa kwa hezi. Namba hizo zisipogawanyika sawasawa, fremu moja inakaa muda mrefu kuliko jirani yake, na jicho linaona.

Matangazo ya TV kwetu ni fremu 25. Kwenye hezi 50 kila fremu inachorwa mara mbili, basi. Kwenye hezi 60 kila fremu ingetakiwa ichorwe mara 2.4, kitu ambacho hakiwezekani, hivyo boksi linachora nyingine mara mbili, nyingine mara tatu. Huo ndio mpira wa yule mzee.

Filamu nyingi za Marekani ni fremu 23.976. Kwenye hezi 60 zinaenda tatu-mbili, tatu-mbili, kuchechemea kusikoisha. Kwenye hezi 50 utaona mishtuko kama miwili kila sekunde. Na kuna ule unaowasumbua wenye macho makali: filamu ya 23.976 kwenye skrini iliyowekwa 24 kamili. Inaenda safi, halafu baada ya sekunde kama 42, tap! Fremu moja imerudiwa. Halafu kimya tena sekunde 42. Mteja akikwambia "inashtuka mara moja moja tu", usimwambie ni macho yake. Kaa na saa.

Hatua ya 3: Jua faili lina fremu ngapi

Kwenye Kodi, ile programu ya kuchezea video, chomeka kibodi ya USB na ubonyeze herufi O video ikiwa inacheza. Utaona fremu za faili, aina ya kodeki (namna video ilivyobanwa), na kama kazi inafanywa na chipu maalumu ya video au na prosesa. Kariri hilo la mwisho, tutalirudia.

Hatua ya 4: Iache skrini ifuate faili

Kodi haibadilishi refreshi mpaka uiambie. Ingia mipangilio, sehemu ya Player, kisha Videos, utafute mstari ulioandikwa "Adjust display refresh rate". Usipouona, bonyeza alama ya gia chini kushoto mpaka kiwango cha mipangilio kipande. Chagua ibadilike video inapoanza na inapoisha. Kuanzia hapo mechi ya 25 itaipeleka skrini kwenye 50, filamu itaipeleka 23.976.

Baadhi ya TV za bei nafuu hazipokei 24 kabisa. Kwa hizo washa mstari wa kulinganisha uchezaji na skrini, uliopo sehemu hiyo hiyo. Kumbuka haufanyi kazi kama sauti unaipitisha ghafi kwenda kwenye redio ya sabufa.

Wengi watapona hapa.

Hatua ya 5: Kama mshtuko hauna mpigo

Rudisha nyuma dakika moja, ucheze tena. Mshtuko ukitokea pale pale, faili ndilo lenye kasoro. Ukihama mahali, ni njia.

Anza na ile taarifa ya herufi O. Kama jina la kodeki limeanza na "ff" na mbele yake pameandikwa "SW", si "HW", prosesa ndiyo inayobeba mzigo peke yake. Boksi la zamani likipewa faili la HEVC la biti 10, kodeki nzito, litahema tu. Tafuta kopi ya H.264, kodeki nyepesi zaidi, usitafute miujiza.

Kisha shika boksi kwa mkono. Kama linaunguza, prosesa inajipunguza kasi ili isife. Kwetu huku angalia na matundu ya hewa: wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi huingia wakafia mle ndani, vumbi likashikana nao. Nimewahi kuondoa kiganja kizima kwenye boksi moja la Igombe. Brashi laini, boksi likiwa limezimwa.

Umeme: wanaotumia Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ukiona alama ya radi pembeni ya skrini, volti imeshuka. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Chaja ya simu uliyoiokota droo haitoshi.

Waifai ipime kwa hesabu. Filamu ya GB 8 ya saa mbili inahitaji kama megabiti 9 kwa sekunde, karibu kila ruta inaweza. Ya 4K yenye GB 50 kwa saa mbili hizo hizo inahitaji kama 56, na hapo ukuta mmoja wa mawe unatosha kukuharibia jioni. Ikopi kwenye diski ucheze. Ikitulia, mkosaji umempata.

Waya wa HDMI? Ukiharibika huleta vidoti vinavyometameta au skrini kuzima. Mwendo haukwamishi. Anayekuuzia waya wa bei kubwa kutibu kujikwaa anakuuzia waya.

Hatua ya 6: Faili lililozaliwa kilema

Muvi nyingi tunazojaziwa kwenye flashi zimepita mikono mingi, na kila mkono umegeuza fremu. Lifungue faili kwenye VLC ya kompyuta, simamisha, kisha bonyeza herufi E, fremu moja moja. Picha ikitembea mara nne halafu ya tano ikawa kopi ya ya nne, mtu aliligeuza kutoka 24 kwenda 30. Hilo boksi haliwezi kulitibu. Omba kopi nyingine.

Video za simu, harusi na sendoff zote, zina lao: simu nyingi hurekodi kwa fremu zinazopanda na kushuka. Ndicho kilichokuwa kwenye kivuko changu. Zipitishe HandBrake, programu ya kugeuza video, chagua fremu zisizobadilika, angalau zitatulia.

Yule mzee nilimrudishia boksi lake la zamani na hela yake. Usiku huo huo akapiga simu: "Fundi, sasa kila nikianza mechi TV inazima!" Nilikuwa nimesahau kumwambia. Skrini ikibadili refreshi huwa nyeusi sekunde moja au mbili, kisha picha inarudi. Kodi ina mstari wa kuichelewesha video mpaka skrini iwe tayari. Nikamwelekeza kwa simu aweke sekunde mbili, asikose mwanzo wa mechi.