Sumaku ya spika mbovu inakuambia lini uzamishe kisu

Kwa mnaoanza uhunzi wa visu hapa Arusha na jiko la mkaa na kipande cha springi ya gari: usikisie joto la kugumisha kisu kwa rangi tu, hasa juani, maana jua la saa saba linakudanganya. Ng'oa sumaku kwenye spika iliyokufa, ifunge kwenye waya mrefu. Chuma kikiwa chekundu, kiguse nayo. Ikinasa, rudisha motoni. Isiponasa kabisa, umefika karibu nyuzi 770. Ongeza moto kidogo, rangi ipande kidogo tu, kisha zamisha ncha kwanza kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa yakawa moto kiasi. Mfuniko uwe karibu, mafuta hulipuka moto. Chuma chenye kaboni hupoteza usumaku karibu na joto ambalo kinakuwa tayari kugumu, ndiyo maana inafanya kazi.

Usiache sumaku ikae kwenye chuma cha moto. Nayo hufa.

Inapofeli: nondo laini nayo itaachia sumaku lakini haitakuwa ngumu, na sitenlesi nyingi za masufuria hazinasi hata zikiwa baridi. Kwa hiyo pima mwisho kwa tupa: ikiteleza kama juu ya kioo, umepata, ikila, rudia. Kisha kipashe tena kisu kwenye oveni nyuzi 200 kwa saa moja, mara mbili, kabla hakijaanguka sakafuni kikakatika kama biskuti. Changu kilikatika.