Somo: Unataka Swift Sport? Pitia hapa kwanza ndipo uniandikie

Wakuu, salaam. Wiki hii nimeulizwa mara nne kama Suzuki Swift Sport inafaa kununua, na mara zote nne nimejibu yale yale nikiwa kwenye foleni ya Kimara. Imetosha. Naandika mara moja, na atakayeuliza tena namrushia hapa.

Mimi nina ZC31S (hiyo ni namba ya mfano, inaanzia kwenye chesisi) ya manual, mwaka wa tano huu. Siuzi, na si dalali.

Hatua ya 1: Jua unaongelea gari ipi. Hapa naongelea tatu. ZC31S ilianza 2005 mpaka 2010, injini M16A ya cc 1,600, nguvu farasi 125. ZC32S ikaifuata mpaka 2016, injini ile ile ikapandishwa kufika 136, manual ina gia sita na automatic ni CVT, yaani ya mkanda isiyo na gia za hatua. ZC33S ni ya kuanzia 2017, cc 1,400 yenye turbo, farasi 140, na ya manual ina uzito wa kilo 970 tu. Sasa madalali wetu kila Swift yenye bampa nene wanaiita Sport. Soma chesisi: ZC11S ni 1.3, ZC21S ni 1.5, ZC71S na ZC72S ni 1.2. Chesisi haisomeki? Hesabu nati za tairi. Sport ina tano, Swift nyingi za kawaida zina nne. Bampa na ekzosi mbili mtu anaweza kubandika, ila sijaona anayehangaika kubandika nati ya tano.

Hatua ya 2: Ushuru kabla ya picha. Kikokotoo cha TRA kipo mtandaoni, bure. Gari iliyozidi miaka 10 inapigwa uchakavu 30%, mbali na ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa 5% kwa cc hizi, na VAT 18%. ZC31S zote zimeshaangukia humo, ndiyo maana yangu niliinunua hapa hapa, tayari ina namba za Tanzania, herufi D.

Hatua ya 3: Karatasi ya mnada. Kama unaagiza Japani, iombe; ni ripoti ya ukaguzi wa gari kwenye mnada wa huko. R au RA maana yake iligongwa ikatengenezwa; XX ni paneli iliyobadilishwa. Muuzaji akisema karatasi imepotea, na wewe potea.

Hatua ya 4: Nguvu utaitumia wapi? Farasi 125 za ZC31S zinapatikana kwenye rpm 6,800 (mizunguko ya injini kwa dakika). Kutoka Mbezi hadi Posta asubuhi mshale hauvuki 2,500, kwa hiyo humo barabarani una Swift ya kawaida yenye viti vizuri. ZC33S ni tofauti, turbo yake inakusukuma kuanzia hapo hapo 2,500. Mimi raha yangu naipata Jumapili alfajiri na nikisafiri. Kama wewe hutoki mjini, fikiria tena.

Hatua ya 5: Ijaribu kwenye barabara ya kwenu. Hapa ndipo nilipoliwa. Nilionyeshwa gari Jumamosi saa kumi jioni, injini ishapata moto. Tukaipeleka Bagamoyo Road, lami kama meza, gari ikakata kona kama imefungwa kamba. Nikalipa Jumatatu. Jioni ile ile nikakunja kuingia kwetu Goba, kwenye mawe na ule mtaro unaokatiza njia, tumbo likakwaruza mpaka jirani akatoka nje. Jumapili tukawa na harusi. Nyuma nimempakia mama mkwe na mashemeji wawili, na kila tuta nawaomba washuke. Mama mkwe na kitenge chake cha harusi, anashuka, anapanda, anashuka. Hakusema neno, na hilo ndilo liliniuma. Fundi alipoiinua tukakuta spring zimekatwa kwa grinda ili gari ikae chini, na shokapu za nyuma zote zimevuja. Spring nne, shokapu nne: hela niliyoiweka kwa ajili ya bima kubwa ikaishia Gerezani, kwenye maduka ya spea. Na bado. Asubuhi ya kwanza nilipoiwasha ya baridi, cheni ya injini ililia kama njuga sekunde tatu hivi. Nikachomoa kijiti cha oili, kikavu. Jumamosi ile jioni kelele hiyo isingesikika.

Kwa hiyo, nakuomba:

Ikute gari baridi. Kabla hata hujamsalimia muuzaji, weka mkono kwenye boneti.

Pakia watu wanne wazima, si wewe na dalali mwembamba. Nenda mpaka getini kwako.

Inama uangalie spring. Ncha yake ikiwa imekatwa butu na rangi imebanduka, hiyo ni grinda.

Angalia tairi. ZC31S inavaa 195/50R16, ukuta wa mpira ni kama milimita 97. ZC32S na ZC33S zinavaa 195/45R17, ukuta milimita 88. Vitz yenye 165/70R14 ina 115. Kwenye shimo, hizo milimita ndizo zinaokoa rimu.

Manual: weka gia ya nne ukiwa spidi 40, kanyaga mafuta yote. Rpm ikipanda na gari isipande, klachi imekwisha.

Muuzaji akikataa lolote kati ya haya, usibishane naye. Shukuru, uondoke.

Hatua ya 6: Ulizia bei ya bima kubwa kabla, si baada.

Hatua ya 7: Jina la kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayepokea hela.

Maswali karibuni.

---

Kidume wa Tabata: Mkuu bei gani?

Mtoa somo: Ipi? Ya mwaka gani? Iko wapi? Hatua ya 1.

Kidume wa Tabata: Swali dogo tu, mbona unakuwa mkali?

Mtoa somo: Si ukali. Humo ndani kuna gari tatu tofauti na bei zake zinapishana kama nyanya za masika na za kiangazi. Nikikutajia namba moja utakwenda kumgombeza mtu nayo.

Chuma cha Pua: Kati ya hii na Crown nichukue ipi?

Mtoa somo: Crown ni sofa. Unataka sofa, nunua sofa.

Msukuma Mpole: Inakula mafuta?

Mtoa somo: Yangu kilomita 10 kwa lita mjini, 14 safari ya Moro. Mguu ukiwa mzito usinitaje. Halafu mafuta wanayopendekeza Japani ni ya oktani ya juu. Jaza kituo chenye wateja wengi, usinunue ya kwenye madumu.

Mama Wawili: Shikamoo mtoa somo. Nimeipenda gari hii tangu chuo. Nina watoto wawili, na manual siiwezi kwenye foleni. Mume wangu anasema haina nafasi. Nifanyeje?

Mtoa somo: Marahaba dada. Mumeo ana haki nusu. Milango ni mitano na watoto wanakaa vizuri, ila buti ni dogo kweli, kigari cha mtoto na gunia la mchele havikai pamoja. Siku ya kujaribu nenda na kiti cha mtoto ukifunge pale pale. Kwa automatic: ZC31S ina gia nne za kizamani, nzito kidogo lakini kila fundi anazijua. ZC32S ni CVT, laini, ila inataka nidhamu ya oili. ZC33S ina automatic ya kawaida ya gia sita, na mfuko ukiruhusu ningekwambia hiyo. Si lazima uwe na haraka. Ukiona moja, niandikie chesisi nikusaidie kusoma.

Fundi Mdogo: Nyongeza kwenye CVT: oili yake si ATF, ile ya automatic za kawaida. Nimeshapokea gari zilizowekwa ATF kwa sababu "oili ni oili". Kabla hajamimina, mwambie fundi akuonyeshe kopo.

Mtoa somo: Hili lingestahili hatua yake. Ahsante.

Fundi Mdogo: Ila umezionea gari zilizoshushwa. Spring fupi za kiwandani zipo na ni nzuri.

Mtoa somo: Nimesema zilizokatwa kwa grinda. Soma tena.

Wa Nakuru: Na sisi huku Kenya, hiyo ZC31S tunaweza kuiagiza?

Mtoa somo: Hapana ndugu, sheria yenu ya kutoagiza gari lililozidi miaka minane imeshaifungia mlango, na ZC32S pia. Mnaagiza ZC33S, au mnatafuta iliyoingia zamani. Mkienda na ZC33S mjue injini yake inapulizia mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli haioshi valvu za kuingizia hewa na masizi hujijenga taratibu. Ukiona inakosa pumzi au inatetema ikiwa imesimama, mwambie fundi aanzie hapo.

Wa Nakuru: Shukrani sana. Na redio? Rafiki yangu ya kwake haishiki stesheni.

Mtoa somo: FM ya Japani inaanzia 76 na redio nyingi za zamani zinaishia 90. Kuna kifaa kidogo cha kupandisha masafa, kinachomekwa kwenye waya wa antena. Sauti haiwi safi sana. Mimi niling'oa redio yote.

Chuma cha Pua: Na Crown redio yake inashika?

Mama Wawili: Mtoa somo, nimeipata ZC32S, Sinza. Nati tano, nimehesabu. Nimefika saa moja asubuhi bila kutarajiwa sana, nilimpigia nikiwa njiani. Boneti la moto. Anasema ametoka kuiosha.

Mtoa somo: Mwambie umeipenda. Kesho rudi, na usipige simu.