Kumtambua na kumwelezea mbawakawa mdogo wa msituni, hatua kwa hatua: mfano wa Pselaphinae wa Usambara

Chekecha majani yaliyooza chini ya miti ya Amani, Usambara Mashariki, na mara nyingi utakuta vidudu vya rangi ya kahawia-nyekundu, urefu milimita 1 hadi 3. Elitra zao, yaani mabawa magumu ya mbele, ni fupi na huacha sehemu kubwa ya tumbo wazi. Vipapasio vimevimba nchani kama rungu. Hao ni Pselaphinae, nusufamilia ya Staphylinidae. Maandiko ya zamani huwapa familia yao wenyewe, Pselaphidae, kwa hiyo unapotafuta tumia majina yote mawili. Tunawatumia kama mfano kwa sababu ni wadogo, wanafanana, na macho peke yake hayatoshi kuwatenganisha.

Hatua ya 1: Kibali, kisha chekeche

Tanzania kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), Kenya ni NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Ruhusa ya kuingia hifadhini huombwa kivyake. Amani iko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Hifadhi namba ya kibali, kwa kuwa majarida mengi huiuliza.

Tumia chekeche la nguo lenye wavu wa matundu ya milimita 8 hadi 10. Yaache majani makavu ya juu. Wadudu wako kwenye tabaka la chini, lile jeusi lenye nyuzi nyeupe za kuvu, hasa kwenye mikunjo ya mizizi ya miti mikubwa na ubavuni mwa magogo yanayooza. Mvua ikiwa imetoka kunyesha, subiri: majani yaliyolowa hugandamana na hayapiti.

Uchafu uliochekechwa utie kwenye mfuko wa Winkler, uutundike kivulini kwa saa 48 hadi 72. Unapokauka taratibu, wadudu hukimbilia unyevu chini na kutumbukia kwenye kikombe cha ethanoli. Ukiuanika juani watakufa kabla hawajashuka. Ukitumia faneli yenye balbu, kosa ni lilelile: balbu kali huwakausha palepale walipo, kwa hiyo wati 25 hadi 40 zinatosha.

Ethanoli ya asilimia 96 ni nzuri kwa DNA lakini huwafanya wakakamae, na miguu hukatika ukiigusa. Ya asilimia 70 hadi 80 huwaacha laini. Gawa mavuno yako sehemu mbili.

Lebo iingie ndani ya chupa siku hiyohiyo, imeandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye ethanoli, na sampuli isiyo na mahali haina thamani hata ikiwa ni spishi mpya. Mfano:

TANZANIA: Tanga, Usambara Mashariki, Amani, 950 m, 5°06'S 38°38'E, 14.iii.2024, majani yaliyochekechwa

Mwezi huandikwa kwa namba za Kirumi ili mtu asichanganye 3.4 na 4.3.

Hatua ya 2: Kubandika

Usimchome pini mbawakawa wa milimita 2, utampasua. Mbandike kwenye kadi kwa gundi inayoyeyuka kwa maji, tone dogo tu, kisha pini ipite kwenye kadi. Gundi ikizidi itapanda ubavuni na kufunika sehemu za chini unazohitaji kuziona. Baadhi ya sampuli zibandike chali.

Hatua ya 3: Kufika kwenye jenasi

Safisha kwanza. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha piga mswaki taratibu kwa brashi yenye unywele mmoja au miwili. Tunasisitiza kwa sababu Pselaphinae hutambuliwa kwa vishimo vidogo vilivyoko kwenye ngao ya kifua na kwenye shina la elitra. Tope likiziba kishimo utahesabu viwili palipo na vitatu, na ufunguo wa utambuzi (orodha ya maswali ya sifa inayokuongoza hadi kwenye jina) utakupeleka jenasi isiyo yake.

Mwanga nao hudanganya. Taa kali hung'aa kwenye gamba na kufuta vishimo. Zungushia sampuli kipande cha karatasi nyeupe inayopitisha mwanga, vishimo vitajitokeza.

Kisha tazama kwa mpangilio: pingili za kipapasio (kwa kawaida 11) na ni ngapi zinafanya rungu, umbo la palpi za mdomo, wayo, ambao kwa kundi hili huwa na pingili 3, na kucha, ni moja au mbili, na kama ni mbili zinalingana au la. Kagua na tumbo: Staphylinidae wengi hulikunja juu kama nge, Pselaphinae wana tumbo gumu lisilokunjika hivyo.

Hatua ya 4: Dume

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Majike ya spishi jirani mara nyingi hayatofautiani. Tafuta dume kwa alama za nje: mwiba kwenye muundi au kwenye shina la paja, pingili ya kipapasio iliyovimba kupita kiasi, bonde kwenye sehemu ya chini ya tumbo. Alama hizo zichore kabla hujafungua chochote.

Lainisha sampuli kwenye maji ya moto yasiyochemka. Kwa sindano mbili nyembamba, vuta pingili za mwisho za tumbo na uzitie kwenye hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10. Ikiwa baridi, iache usiku kucha. Ikiwa ya vuguvugu, anza kuangalia baada ya dakika 10. Nyama ikishayeyuka, suuza kwa maji yenye tone la siki, kisha hamishia kwenye gliserini.

Edeagusi, kiungo cha dume cha kujamiiana, sasa itaonekana, na mara nyingi haina ulinganifu wa kulia na kushoto. Kwa hiyo ichore kutoka juu na kutoka ubavuni, na uandike ni upande upi. Ikipinduka kidogo tu, umbo hubadilika, na wapo waliodhani wamepata spishi mbili kumbe ni kiungo kimoja kilicholala tofauti. Ikiwa ni laini na nyeupe, dume huyo ametoka kwenye bundo (pupa) karibuni, usimfanye holotaipu, yaani sampuli moja inayobeba jina la spishi.

Ukimaliza, isuuze gliserini kwa ethanoli, kisha iweke kwenye tone la Euparal (utomvu angavu wa kuhifadhia) juu ya kipande cha plastiki angavu, kwenye pini ileile ya mwenyewe. Kiungo kilichotengana na mwenyewe hakithibitishi chochote.

Hatua ya 5: Je, ana jina tayari?

Wengi tunaodhani ni wapya walishapewa jina. Taasisi ya Kijerumani ilianzishwa Amani mwaka 1902, na sampuli nyingi za enzi hizo ziko Berlin. Wafaransa Alluaud na Jeannel, wataalamu wa wadudu, walipita Afrika Mashariki mwaka 1911 na 1912. Basilewsky na Leleup, wataalamu wa wadudu kutoka Ubelgiji, walikusanya mwaka 1957, na sampuli zao ziko kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Mkusanyo wa Raffray, Mfaransa aliyebobea kwenye Pselaphinae, uko Paris. Maelezo mengi ni ya Kifaransa, na ya zamani ni mafupi kiasi cha kufaa spishi kumi. Basi usiridhike na maandishi. Omba picha ya holotaipu, na ya edeagusi kama ilishatolewa. DNA husaidia kumuunganisha jike na dume wake, lakini sampuli ya 1905 mara nyingi haitakupa mfuatano wa kulinganisha.

Hatua ya 6: Kuandika

Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama inadai, kwa jina lolote la spishi lililotolewa baada ya 1999: tamko wazi kwamba ni jipya (sp. nov.), maneno yanayoeleza sifa za kuitofautisha, holotaipu iliyotajwa, na jina na mahali pa mkusanyo itakapohifadhiwa. Jarida likiwa la mtandaoni tu, kazi isajiliwe ZooBank (sajili ya mtandaoni ya majina ya wanyama) kabla ya kutoka na usajili uonekane ndani yake.

Vipimo toa kwa kiwango cha chini na cha juu na idadi ya sampuli. Kwa kuwa tumbo hutanuka kwenye ethanoli, pima pia kichwa, ngao ya kifua na elitra kila kimoja peke yake.

Jina likiwa kivumishi lifuate jinsia ya jenasi: usambaricus, usambarica, usambaricum. Jina la heshima kwa mwanamume huishia -i, kwa mwanamke -ae.

Holotaipu ipewe lebo nyekundu. Parataipu, yaani sampuli nyingine ulizotumia kumwelezea, zigawe: nyingine zibaki nchini, nyingine ziende nje. Moto wa Makumbusho ya Taifa ya Rio de Janeiro, Septemba 2018, uliteketeza sehemu kubwa ya wadudu waliokuwa humo, holotaipu zikiwemo.