Kabla mtoto hajaanza shule ya serikali Japani, jipange hivi

Watu wanaokuja Japani na watoto huwa wananiuliza ada tu, na ada ndo kitu cha mwisho kuwaza manake miaka tisa ya mwanzo, sita ya msingi na mitatu ya sekondari ya chini, shule ya serikali hulipii, na vitabu unapewa bure hata kama we ni mgeni. Kinachotoa jasho ni makaratasi na vile vitu vidogo vidogo.

Kwanza ujue mtoto wa Kijapani sheria inalazimisha asome, wa mgeni hapana, kwa hiyo ukikaa kimya mtoto anaweza akabaki nyumbani hivi hivi. Nenda mwenyewe manispaa, ukishaandikisha anwani omba nafasi bodi ya elimu ya mji. Shule kwa kawaida unapangiwa kulingana na unapokaa, so kama bado hujalipia nyumba ulizia kwanza shule ya mtaa huo ina mwalimu wa watoto wasiojua Kijapani au haina, nyingine hawana kabisa, na pima umbali manake watoto wengi wanaenda kwa miguu.

Mwaka wao unaanza Aprili. Aliyetimiza miaka 6 kufikia tarehe 1 Aprili anaingia la kwanza, ila vuli ya kabla ya hapo kuna kupimwa afya, afu baadae kikao cha wazazi, na hicho kikao usikose hata kama huelewi neno, orodha ya vitu inatoka hapo. Mkubwa zaidi anawekwa darasa kwa umri wake, hata kama hajui kuomba maji kwa Kijapani.

Sasa vitu. Randoseru, ule mkoba mgumu wa mgongoni, unaweza kula yen 60,000 na zaidi, lakini mara nyingi sio lazima, uliza shule, na mitumba mizuri ipo. Uwabaki ni viatu vya kuvaa ndani, ukisahau mtoto anashinda na ndala za wageni zinamvuka, huo ujinga niliufanya siku ya kwanza kabisa. Afu kuna boksi la hesabu lina vijiti na vidude vya kuhesabia, kila kimoja, narudia KILA kimoja, kinaandikwa jina la mtoto, tenga usiku mzima. Tambara la kufutia pia, manake watoto wanasafisha darasa wenyewe, hapo mtoto aliyetoka Bongo hana cha kufundishwa.

Mchana wanakula kyushoku, chakula cha shule, darasani wote pamoja. Kama ni Waislamu muwahi kuongea na mwalimu, nguruwe inaonekana ila mirin, kile kiungo chenye kilevi, inajificha kwenye mchuzi, na shule nyingi zinakubali mtoto abebe chake. Kipato kidogo? Omba shugaku enjo, msaada wa manispaa, na unaomba upya kila mwaka.

Na wewe mzazi tafuta kominkan, kituo cha mtaa cha kujifunzia, serikali ilianza kuvihimiza 1946 baada ya vita. Vingi vina darasa la Kijapani la watu wa kujitolea, bei ya chai tu, na zile barua za shule unaenda nazo wanakusomea. Mi nilipita nje ya cha kwetu miaka miwili nikidhani ni klabu ya wazee.