Kifaransa cha kazi kwa sisi wa klia na fowadi

Wiki mbili zilizopita dada mmoja wa ofisini kwetu alinijia na simu mkononi, uso umemkunjika. Mteja wa Lubumbashi kaandika: «Délai de livraison : 15 jours». Dada alishafika nusu ya barua ya kuomba radhi kwa kuchelewesha mzigo siku kumi na tano, na mzigo wenyewe haujatoka hata bandarini. Nikamwambia futa. Délai si kuchelewa, ni muda uliopangwa. Mteja anautaka mzigo wake ndani ya siku kumi na tano, basi.

Hatua hizi nilimwandikia yeye. Zinamfaa yeyote anayesukuma mizigo ya Kongo kutoka Dar, ambako midomo huongea Kiswahili na karatasi huongea Kifaransa. Na mtu wa Lubumbashi au Bukavu mtapiga soga bila shida, lakini forodha yao, DGDA, haisomi soga.

Hatua ya 1: Anza na mafaili ya zamani

Vuta mafaili kumi ya mizigo iliyokwisha kufika. Kila neno la Kifaransa linalojirudia liandike kwenye daftari, upande wa pili Kiswahili: le connaissement (BL, hati ya mzigo wa meli), la facture (ankara), la liste de colisage (orodha ya vifurushi), les surestaries (demareji, tozo ya kuchelewesha kontena), le poids brut (uzito pamoja na vifungashio). Usiandike neno bila le au la yake. Wanaolia kwamba jinsia za Kifaransa hazina mantiki wamesahau kwamba sisi tuna ngeli. Hakuna aliyekueleza kwa nini kiti ni «kile» na meza ni «ile». Ulilimeza neno pamoja na mkia wake. Fanya hivyohivyo.

Programu za simu zinazokufundisha kusema paka anakunywa maziwa ziache. Sijawahi kusafirisha paka.

Hatua ya 2: Usipitie Kiingereza

Hapa ndipo dada aliponaswa. Tumesoma Kiingereza shuleni, kwa hiyo tukiliona neno la Kifaransa lenye sura ya Kiingereza tunalikaribisha kama ndugu. Éventuellement si «hatimaye», ni «huenda». Mteja akikuandikia kwamba atalipa éventuellement, usimwambie bosi hela inakuja. Actuellement ni «kwa sasa». Na demander ni kuomba au kuuliza tu. Mteja anayeandika «je vous demande» hajakufokea.

Hatua ya 3: Namba

Hii ndiyo iliyonitesa, nitakaa hapa.

Darasani walinifundisha kama wanavyosema Ufaransa: 70 ni soixante-dix, sitini na kumi, 80 ni quatre-vingts, ishirini nne, 90 ni quatre-vingt-dix, ishirini nne na kumi. Wakongo, kwa urithi wa Wabelgiji, wanasema septante na nonante, ila 80 wameiacha vilevile quatre-vingts. Rwanda na Burundi nako utazisikia septante na nonante. Binafsi nazipenda kuliko zile za Paris, lakini sharti masikio yako yazijue zote mbili, maana leo unaongea na Lubumbashi na kesho na wakala wa meli aliyeko Marseille.

Kisha wanataja namba mbilimbili. Mtu anasema «soixante-douze», wewe ukisikia soixante umeshaandika 6, ukisikia douze unaongeza 12, karatasini pana 612 na yeye alimaanisha 72. «Quatre-vingt-treize» niliwahi kuiandika 42013. Ni 93. Dawa yangu ni kutoandika kitu mpaka jozi iishe. Ukizidiwa sema: «Chiffre par chiffre, s'il vous plaît», atakutajia moja moja. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na ile ya saba ni ya kuhakiki, inakokotolewa kutokana na zilizotangulia. Kwa hiyo ukimaliza ipitishe kwenye kikokotoo kabla ya kuituma popote.

Mazoezi ni bure. Ukiwa kwenye foleni Barabara ya Mandela, soma namba za magari yaliyo mbele yako. 476: quatre cent soixante-seize, halafu kwa mtindo wa Wakongo, quatre cent septante-six. Abiria watakutazama. Waache.

Sasa nukta na mkato. Kwenye karatasi za Kifaransa mkato ndio unaotenga desimali, na maelfu hutengwa kwa nafasi au, kwa wengi wa Kongo, kwa nukta. Mwaka wangu wa kwanza nilipokea ankara ya vipuri vya mgodi: «Poids total : 3.250 kg». Nikasoma kilo tatu na robo. Nikapanga kifurushi kiende na pikapu. Siku ya kuchukua, ghalani pana kreti za tani tatu na robo zinazohitaji foklifti, na dereva wa pikapu ananitazama kama mgonjwa. Nilipoteza siku nzima, na storeji ikaongezeka. Tangu hapo kila uzito na kila bei naurudia kwa mteja kwa maneno, siyo tarakimu: «trois mille deux cent cinquante kilos, c'est bien ça ?»

Na saa. Heure ni saa, ndiyo, lakini «dix heures» siyo saa kumi, ni saa nne asubuhi. Lubumbashi wako nyuma yetu saa moja, Kinshasa saa mbili. Akikuambia «14h30, heure de Lubumbashi», kwako Dar ni saa tisa na nusu alasiri. Andika saa zote mbili kwenye kalenda, hata ukijiona hodari.

Hatua ya 4: Darasa na sikio

Jioni mbili kwa wiki zinatosha. Mimi nilisoma Alliance Française. Siku zisizo za darasa, sikiliza taarifa ya habari ya Kifaransa chepesi ya RFI, redio ya Ufaransa, dakika kumi, kisha isikilize tena ukifuata maandishi yake.

Hatua ya 5: Barua

Tengeneza vielelezo vitatu, uvitumie milele: kutuma nyaraka («Veuillez trouver ci-joint…»), kuuliza malipo, kuarifu mzigo umefika mpakani Kasumbalesa. Vous («wewe» ya heshima) kwa kila mtu mpaka mwenyewe akuambie vinginevyo. «Tu» («wewe» ya marafiki) kwa mteja ni sawa na kumpita mzee bila shikamoo. Funga kwa Cordialement.

Hatua ya 6: Mtihani, kama bosi anataka cheti

Fanya DELF, mtihani wa Kifaransa wa serikali ya Ufaransa, ngazi ya A2 au B1. Unahitaji alama 50 kwa 100, na usipate chini ya 5 kwa 25 katika sehemu yoyote kati ya nne. Cheti chake hakiishi muda, tofauti na TCF, mtihani mwingine wa Kifaransa, ambao matokeo yake yanadumu miaka miwili.

Dada nimemwambia asilipie hata senti kabla hajaweza kupokea namba ya kontena kwa simu. Jana kapokea mbili. Ya pili ilikataa kwenye kikokotoo, akampigia mteja mwenyewe: septante-six, siyo soixante-six.