Kabla hujalipia tovuti ya duka lako, fuata hatua hizi

Wafanyabiashara wengi wanaonijia kutengenezewa tovuti huanza na swali moja: "Nitumie WordPress, Wix au Shopify?" Hivyo ni vyombo vya kutengenezea tovuti. Nami huwauliza: mteja wako analipaje, na nani atakuwa analiangalia duka hilo kila wiki? Ukishayajibu hayo mawili, chombo karibu kinajichagua chenyewe. Hapa naandika kwa ajili ya muuzaji mdogo wa Tanzania. Aliye Kenya atabadilisha vitu vichache tu.

Hatua ya 1: Iandike safari ya oda moja

Chukua daftari uandike oda yako ya mwisho ilivyokwenda. Mteja aliona kitenge Instagram, akauliza bei WhatsApp, ukamtumia picha sita, akalipa kwa Lipa Namba, ukapeleka mzigo stendi, ukampigia picha risiti ya basi. Sasa weka alama pale ulipopoteza muda mwingi. Kama ni kwenye kujibu "bei gani?" mara arobaini kwa siku, unachohitaji ni ukurasa wenye bidhaa na bei. Kikapu na malipo ya moja kwa moja vinaweza kusubiri.

Mwenye bidhaa chini ya kumi namshauri aanze na katalogi ya WhatsApp Business, ambayo ni bure, pamoja na ukurasa mmoja wenye kitufe cha kumpeleka mteja kwenye mazungumzo. Kitufe hicho ni kiungo tu: andika wa.me/ kisha namba yako ikianza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Nimeona watu wakilipia duka zima la mtandaoni wakati kiungo hiki kingewatosha mwaka mzima.

Hatua ya 2: Anza na pesa, muonekano baadaye

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu mafunzo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa watu wanaolipa kwa kadi. Wateja wetu wanalipa kwa M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money na HaloPesa.

Shopify ni chombo kizuri na rahisi kutumia, ila huduma yake yenyewe ya kupokea malipo haipo Tanzania wala Kenya. Itabidi uunganishe kampuni nyingine ya malipo, na ukifanya hivyo Shopify nayo inakata ada yake juu ya kila muamala: asilimia 2 kwenye mpango wa Basic. Kwa mzigo wa shilingi 80,000 hiyo ni 1,600, na bado hujakatwa na kampuni ya malipo, wala hujalipa ada ya mwezi. WooCommerce, plagini (programu ya nyongeza) ya duka inayokaa ndani ya WordPress, haikukati asilimia kwa sababu tu umechagua kampuni nyingine ya malipo.

Ukienda kwa kampuni ya malipo, kama Pesapal au Selcom, uliza mambo manne na uombe majibu kwa maandishi: inapokea mitandao ipi ya simu, inakata kiasi gani, pesa inafika kwako baada ya siku ngapi, na inataka nyaraka zipi. Hilo la nyaraka liulize mapema. Kama TIN na leseni ya biashara bado hazijakamilika, usajili unaweza kukusimamisha huku tovuti imeshalipiwa.

Wakati unasubiri, tumia njia hii ambayo nimewawekea wengi. Ndani ya WooCommerce washa malipo ya kuhamisha benki, ubadilishe jina lake liwe "Lipa kwa simu", kisha kwenye maelezo andika Lipa Namba yako na jina linalotokea mteja anapolipa. Oda itakaa ikisubiri mpaka wewe uithibitishe. Thibitisha kwa kuangalia muamala kwenye simu yako mwenyewe. Usitoe mzigo kwa kuoneshwa picha ya meseji, maana meseji za kughushi zimewaliza wengi.

Hatua ya 3: Jina la tovuti liwe lako

Dada mmoja anayeuza batiki alinijia na mifuko yake imeshachapishwa anwani ya tovuti. Fundi wa kwanza alikuwa amesajili domeni, yaani hilo jina la tovuti, kwa jina lake na barua pepe yake mwenyewe. Mwaka ulipoisha, taarifa za kulipia zilikwenda kwa fundi, naye hapatikani. Jina likapotea. Kuandika tovuti upya kulituchukua siku chache, lakini jina lile hatukulipata tena.

Kwa hiyo sajili mwenyewe. Domeni za .co.tz ziko chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na huuzwa na wasajili walioidhinishwa, na za .co.ke za Kenya ziko chini ya KeNIC, msimamizi wa domeni za huko. Tumia barua pepe yako, namba yako, na risiti itoke kwa jina lako au la biashara. Fundi mpe ruhusa ya kuingia, umiliki ubaki kwako. Na unaponunua nafasi ya kuhifadhia tovuti, uliza bei ya mwaka wa pili, kwani ile ya tangazo mara nyingi ni ya mwaka wa kwanza tu.

Hatua ya 4: Chagua kati ya kupanga na kujenga

Wix na Shopify ni kama kupanga fremu ya duka. Usalama na marekebisho ni juu ya mwenye nyumba, wewe unalipa kodi, tena kwa kadi na mara nyingi kwa dola. Siku ya kuhama, unabeba orodha ya bidhaa lakini si jengo. Tovuti ya Wix hairuhusiwi kuhamishiwa seva nyingine, yaani kompyuta nyingine ya kuhifadhia tovuti. Na mwenye nyumba anaweza kufunga. Machi 2024 Google ilizima zile tovuti za bure zilizotengenezwa kupitia wasifu wa biashara wa Google, na wafanyabiashara waliokuwa wakizitegemea wakatakiwa kutafuta kwingine.

WordPress ni kujenga kwako. Programu ni bure, na unaweza kuibeba nzima kwenda seva nyingine. Lakini nyumba yako unaifagia mwenyewe: kusasisha plagini, kutunza nakala rudufu nje ya seva, kubadili nenosiri fundi anapoondoka.

Msimamo wangu ni huu. Kama una bidhaa zaidi ya ishirini na mtu wa kuitengea tovuti saa moja kila wiki, chukua WordPress na WooCommerce. Kama hakuna mtu huyo, panga, hata kama inakugharimu zaidi. WordPress iliyotelekezwa ni mlango wazi kwa wadukuzi.

Hatua ya 5: Punguza picha

Picha ya simu ina MB 3 hadi 5. Ukurasa wa picha kumi na mbili za MB 4 ni MB 48 za bando la mteja. Zipitishe kwenye Squoosh, tovuti ya bure ya kupunguza picha, uchague upana wa pikseli 1,000 na aina ya faili nyepesi iitwayo WebP, zishuke chini ya KB 150.

Hatua ya 6: Nunua kwako mwenyewe

Weka bidhaa ya shilingi 1,000. Azima simu ya bei nafuu, zima Wi-Fi, ununue mpaka mwisho ukitumia bando. Hesabu mara ngapi umelazimika kuandika kitu. Fomu ikidai barua pepe, mtaa na tarehe ya kuzaliwa ili kuuza kitenge kimoja, futa usivyovihitaji. Taarifa za wateja sasa zinalindwa na sheria ya mwaka 2022, na jina, simu na mahali pa kupeleka mzigo vinatosha.

Kisha mpe simu hiyo mtu ambaye hajawahi kuliona duka, mwambie anunue, na ukae kimya. Pale atakapokuuliza "sasa nibonyeze wapi?" ndipo pa kurekebisha kabla hujatangaza.